Wimbo Wameuzuia, Besi Wameniachia

Hivi jirani akikugawia nusu ya wimbo, tena ile nusu isiyoimba, unamshukuru au unamshtaki? Baa ya nyuma ya kwangu imefanyiwa ukarabati. Ukutani sponji, madirishani vioo, mlangoni kibao: "Tunawajali majirani." Zamani angalau nilimsikia mwimbaji, gitaa, na mlevi anayeomba wimbo urudiwe. Sasa hao wote wamefungiwa ndani. Kinachotoka ni ndu! ndu! ndu! mpaka saa tisa usiku.

Sponji inazuia sauti nyembamba. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake moja tu lina urefu wa karibu mita 7. Sebule yangu yenyewe haifiki hapo. Wimbi la namna hiyo linaukuta ukuta wa matofali ya bei poa, linapita bila hodi, linakaa kifuani kwako.

Nikavaa suruali ya harusini, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kama raia mstaarabu. Usiku wakaja: mwenyekiti, meneja wa baa, na kijana mwenye kifaa cha kupimia kelele. Nikawakaribisha viti. Kabati la vyombo linalia, glasi zinasogeleana zenyewe.

Kijana akanyoosha kifaa. "Mzee, desibeli 48. Hata watu wakiongea tu wanapita hapo."

"Mwenyekiti, weka mkono ukutani."

Akaweka. Akautoa haraka, akaufuta kwenye koti.

Mama watoto, mwanamke mwenye akili, akaleta glasi ya maji akaitua mezani. Maji yanachora miduara, kila ndu na duara lake. Nikasema, viongozi, ushahidi huo hapo. Mwenyekiti akautazama kwa makini, akasema ahsante mama, akaunywa wote.

Nikamgeukia kijana. Akajieleza kwa upole kwamba kifaa kakiweka kwenye kipimo cha A, kinachofuata sikio la binadamu, na sikio halisikii vizuri sauti nzito. Kwa hiyo kwenye mitetemo 50 kinapunguza desibeli 30.

"Desibeli 30! Zinakwenda wapi?"

"Hazihesabiwi, mzee."

"Sasa mimi ninayelala nazo?"

Akasema kipimo cha C kipo, kinaipunguza besi kidogo tu, ila fomu ina nafasi ya A peke yake. Meneja naye akadakia: "Mzee wangu, mbona nimeshapunguza? Wewe unasikia wimbo wowote hapa?" Jamani, sisikii! Ndiyo shida yenyewe! Kichwa kinauma, usingizi hakuna, na ukiniuliza wimbo gani umeniumiza siujui! Mwenyekiti akaandika: mlalamikaji anakiri hasikii muziki.

Mchana siongelei. Mashine ya kusaga ina zamu yake. Transfoma ya pale nguzoni inanguruma mara 100 kwa sekunde, umeme ukikatika inanyamaza, majenereta yanapokea. Kuna daladala huja kupashia injini chini ya dirisha langu, sijui kwa nini langu.

Tembo kule Amboseli wanaitana kwa sauti iliyo chini ya mitetemo 20, binadamu haisikii, na mwenzake aliye kilomita kadhaa anaipata. Lakini tembo ana ujumbe: njooni huku, au kuna jike linatafuta mume. Baa inaniambia nini?

Anayefaidi ni shemeji yangu, aliyekuja kutoka Songea kutibiwa mgongo. Anasema kitanda chetu kinatetema vizuri, na mjini watu wanalipia huduma hiyo. Hospitali walishamruhusu. Jana kasema ataongeza wiki, mgongo umeanza kuitika. Na chai anakunywa ya vijiko vinne, na sukari mnajua inavyouzwa.