Waya Uliokufa Uondolewe Darini

Fundi anayepanda darini katika ofisi nyingi za zamani hapa Tanga hukuta mafungu ya waya ambayo hakuna mtu katika jengo zima anayeweza kueleza yanakoanzia wala yanakoishia. Tabia hii ya kuacha waya usiotumika tumeirithi kutoka enzi za kompyuta kubwa, na ni wakati wa kuikomesha.

Kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotoa terminali zake za 3270 (skrini na kibodi za kutumia kompyuta kubwa) mwaka 1971, kila terminali ilihitaji kebo yake ya koaksia, yaani kebo nene kama ya antena, kutoka mezani kwa karani hadi kwenye kidhibiti kilichoiunganisha na kompyuta kubwa. Kidhibiti cha 3274 kilihudumia hadi terminali 32, kwa hiyo katika jengo la ghorofa lenye mamia ya wafanyakazi njia za kupitishia waya zilijaa pomoni. Umbali haukuwa shida, maana kebo iliweza kufika mita 1,500 hivi. Shida ilikuwa wingi, uzito na kuhamahama kwa meza. Karani akihamishiwa chumba kingine, ilivutwa kebo mpya na ile ya zamani ikaachwa palepale, kwa kuwa kuichomoa katikati ya nyenzake kungeweza kukata mawasiliano ya idara nzima. Tena kebo iliyotakiwa ni aina ya RG-62 ya omu 93 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ambayo kwa macho hutofautiana kidogo sana na ile ya omu 75 ya antena ya televisheni, na aliyezichanganya alijitafutia hitilafu ngumu kuifuatilia.

Baadaye kilikuja kifaa cha 3299, kilichowezesha terminali nane kutumia kebo moja. Lakini mageuzi yenyewe, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka 1991, kilipochapishwa Marekani kiwango cha EIA/TIA-568 cha kutandaza waya za mawasiliano katika majengo, kinacholichukulia jengo kuwa ndilo linalotandazwa waya, bila kujali mashine ya nani itachomekwa.

Sisi bado tunatandaza kwa kufuata meza. Kuta nene za majengo ya tangu enzi za Wajerumani hutobolewa upya kila anapoongezeka mfanyakazi, ilhali tundu moja lililopangwa vizuri lingetosha kwa miaka mingi. Na hewa yetu ya chumvi haisamehe: nimeshika ncha za kebo zilizoachwa wazi darini, shaba yake imeota ukoko wa kijani na kukatika kwa kuguswa tu, huku ofisi ikiulaumu mtandao.

Kwa hiyo mkataba wa kufunga mtandao utaje pia kazi ya kuondoa waya usiotumika, lebo katika ncha zote mbili, na mchoro unaobaki ofisini badala ya kuondoka na fundi. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, msimamizi wa jengo achukue mchoro huo, apande ngazi pamoja na fundi, na wasome lebo moja baada ya nyingine.