Mrushaji wa majeruhi mpe hela, usimpe miaka

Kila msimu wa besiboli ukiisha mabishano ni yale yale. Timu ina mrushaji mkali (yule anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani), akiwa fiti hakuna wa kumgusa, shida ni kwamba anakuwa fiti nusu ya msimu na nusu nyingine yuko kwa madaktari, halafu mkataba wake unakaribia kuisha. Aongezewe au aachwe aende? Msimamo wangu ni aongezewe, ila miaka iwe michache, hata kama hela ya mwaka itabidi ipande kuliko timu inavyotaka, na mfano wangu ni Stephen Strasburg wa Washington Nationals, maana jamaa alisaini mikataba mikubwa miwili na timu hiyo hiyo, mmoja ukalipa kuliko ilivyotarajiwa na wa pili ukawa balaa tupu, na mkono ni ule ule.

Strasburg alichaguliwa namba 1 kwenye drafti ya 2009, ile ambayo timu zinachagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Mechi yake ya kwanza, Juni 2010 dhidi ya Pittsburgh, aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki (kila mmoja alishindwa mipira yake mitatu), yaani mji mzima ukachanganyikiwa. Miezi mitatu baadaye yuko kwenye meza ya upasuaji, ule wa Tommy John, ambapo ligamenti ya kiwiko iliyochanika inabadilishwa kwa kuwekewa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na mtu anakaa nje mwaka mzima au zaidi. Msimu wake wa kwanza kamili baada ya hapo, 2012, timu ikawa inamlinda mno mpaka Septemba wakamsimamisha kabisa, eti ametosha kurusha, wakaenda mtoano bila yeye, wakatolewa na Cardinals kwenye mechi ambayo walikuwa wanaongoza 6-0. Mpaka leo mashabiki wa Washington ukiwagusia hiyo wanaumia.

Sasa ikafika Mei 2016, amebakiza miezi kuwa huru, Nationals wakamuongezea miaka 7 kwa dola milioni 175. Watu walipiga kelele. Na kelele zilikuwa na msingi, maana mpaka hapo alikuwa amefikisha mechi 30 za kuanza yeye kurusha kwenye misimu miwili tu. Ila alikuwa na miaka 27, na mkataba ulimruhusu ajitoe baada ya 2019. Kwa hiyo kwenye karatasi ni miaka 7, ila ulianza kuhesabiwa 2017, kwa hiyo yeye akiwa mzuri ingekuwa mitatu, na ndivyo ilivyokuwa.

Na hiyo mitatu jamani! Mwaka 2019 alianza mechi 33, akarusha iningi 209 (iningi ni kipindi cha mchezo, mechi ina tisa), kwenye mtoano akashinda mechi 5 bila kupoteza. Mechi ya 6 ya World Series, fainali ya ubingwa, kule Houston dhidi ya Astros ndo naikumbuka zaidi, Nationals wako nyuma kwa mechi 3-2, wakifungwa wanarudi nyumbani, na iningi ya kwanza tu karuhusu pointi mbili. Kocha wa warushaji akamwambia wapinzani wanasoma mikono yako, wanajua unarusha nini kabla hujarusha. Akaanza kutikisa glavu kabla ya kila mpira ili kuwaficha, na kuanzia hapo Astros hawakupata pointi tena, akaenda mpaka iningi ya 9, timu ikashinda 7-2. Kesho yake wakabeba ubingwa wa kwanza katika historia ya timu na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Kwa hiyo anayesema usimuongezee mkataba mtu wa majeruhi, namuuliza, huo ubingwa wa 2019 ungeutoa wapi bila mkataba wa 2016?

Hapo hapo ndo kosa likafanyika. Akajitoa kwenye mkataba kama alivyoruhusiwa, na Desemba ile ile wakampa mwingine, miaka 7 tena, dola milioni 245. Ana miaka 31, ametoka kubeba mzigo mkubwa kuliko wote wa maisha yake, mtoano mpaka mwisho wa Oktoba, na ndo unamfunga mpaka 2026. Ule haukuwa mkataba wa kazi inayokuja, ulikuwa shukrani ya kazi iliyokwisha, na shukrani mimi naielewa kabisa, ila miaka 7? Kilichofuata ni mechi 8. Iningi 31 na kidogo. Kwanza mkono ukafa ganzi akapasuliwa kiganja, halafu mishipa ikawa inabanwa kati ya shingo na bega, wakamfanyia upasuaji wa kumtoa ubavu, akarudi Juni 2022 mechi moja Miami na hakurusha tena. Ukigawanya ni zaidi ya dola milioni 7 kwa kila iningi. Na kwenye besiboli hela ya mkataba ni uhakika, sio kama ile futiboli yao ya Marekani ambapo timu nyingi zinamkata mtu na sehemu ya hela inapotea.

Kilichoniuma zaidi lakini sio hela za tajiri. Ni 2023, habari zimetoka anastaafu, sherehe imepangwa, halafu ikaahirishwa kwa mvutano wa malipo ya mkataba, mpaka Aprili 2024 ndo akastaafu rasmi. Mtu kaacha ubavu wake kwa ajili ya timu yenu, mmesaini wenyewe, mlipeni na mumuage vizuri. Mkataba mfupi ungewaepusha wote na ile aibu.

Boston nao walifanya hivyo hivyo kwa mrushaji wao Chris Sale. Machi 2019 wakampa miaka 5 ya nyongeza, milioni 145, wakati msimu uliotangulia bega lilishaanza kusumbua, na kabla nyongeza haijaanza hata kutumika kiwiko kikaenda. Baadaye mbavu, kidole, mkono alioumia kwa kuanguka na baiskeli, mwisho wakamtoa kwenda Atlanta Braves na hela juu. Braves wao wakampangia upya, miaka miwili kwa milioni 38 na chaguo la mwaka wa tatu liwe la timu, na 2024 jamaa akashinda mechi 18 na kuchukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Kama angeumia tena hasara yao ilikuwa ndogo. Hivyo ndo mkataba unavyotakiwa kuandikwa.

Najua mtaniletea Jacob deGrom, mrushaji mwingine wa majeruhi. Texas Rangers walimpa miaka 5 akiwa na miaka 34, mechi 6 tu kiwiko kikakatika, halafu 2025 akaanza mechi 30 na akawa moto. Sawa, nakubali, mkono ukipona unaweza kulipa. Ila ubingwa wa 2023 Rangers waliuchukua yeye akiwa anatibiwa, na miaka miwili ya mwanzo ya zile hela hawakupata karibu chochote.

Ningekuwa mimi nakaa na wakala wa mrushaji wa aina hii, mezani naweka miaka mitatu, hela ya mwaka ya kiwango cha juu kabisa, na mwaka wa nne unaojifungua wenyewe akifikisha iningi kadhaa mwaka wa tatu. Akisema anataka saba, ampigie simu mwenye timu mwingine.