Trekta ikishatoka shambani, udongo haurudi ulivyokuwa

Kwa wakulima wa mahindi na wenye trekta za kukodisha utasikia sana kwamba udongo ukishindiliwa sio ishu, mvua ikinyesha na jua likipiga unajiachia wenyewe. Kwa udongo mweusi wa mbuga wana haki kabisa. Ule unavimba ukilowa, ukikauka unapasuka nyufa za kwenda hata zaidi ya nusu mita chini, yaani kila kiangazi unajilima.

Shida ni hoja hiyo kuhamishiwa kwenye udongo mwekundu au wa kichanga usiovimba. Udongo sio godoro jamani. Kila udongo una kumbukumbu ya mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuubeba, chini ya huo unabonyea kidogo na kurudi, ila ukizidisha tu chembe zinahama zinabanana na hata ukiondoa gurudumu kinachorudi ni kidogo sana. Na vinavyoziba kwanza ni vile vitundu vikubwa, ndo hivyo vinapitisha maji ya mvua na hewa ya mizizi. Tairi la kwanza kupita ndo linaumiza zaidi, hasa udongo ukiwa umelowa.

Finland walishindilia udongo wa mfinyanzi kwa mizigo mizito makusudi, halafu wakafuatilia mazao miaka 17, na athari bado ilikuwepo. Miaka 17! Na kule ardhi inaganda kwa barafu na kuyeyuka kila mwaka, msaada ambao sisi hatuna. Sasa hili tabaka gumu letu chini ya plau ya sahani, inayopita kina kile kile kila msimu, litafunguliwa na nani?

Watu watasema ripa, ile meno ya chuma yanayovutwa na trekta kupasua udongo wa chini. Inasaidia kweli, udongo mkavu unapasuka vizuri, mbichi inachora mstari tu. Lakini udongo uliopasuliwa umepoteza uimara wake wa zamani, mzigo ambao mwanzo ungeuvumilia sasa unaushindilia. Mtu analipia ripa kiangazi halafu masika anaacha tela la mazao likatize shamba zima na matope yake, wakati lingepita njia moja tu ile ile sehemu kubwa ingepona. Kusubiri shamba likauke ni ngumu pale trekta ni ya kukodi na foleni ni ndefu, hilo naelewa.

Ila kabla hujalipia ripa chimba kwanza, sentimita 40 zinatosha, uangalie mizizi ya mahindi. Kama imefika mahali ikakunja kwenda pembeni wakati chini yake kuna unyevu, tabaka lipo hapo, na ripa ipite chini yake kidogo.