Usiiulize Dashibodi, Uliza Gari Zima

Stika ilikuwa imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva wa gari lililotumika nililotaka kununua, mahali ambapo huioni mpaka mlango ufunguliwe. Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka: oili ibadilishwe tena ikifika kilomita 137,000. Dashibodi ilisoma 62,400. Nilimwita muuzaji nikamwonyesha. Akanijibu kwamba huenda stika hiyo ni ya gari jingine.

Kuna watu wanaouchukulia mchezo huu wa kurudisha nyuma kilomita za gari kama ujanja wa kawaida wa biashara, na hilo linaniudhi sana. Anayerudisha kilomita nyuma haibi fedha peke yake. Gari hutunzwa kwa kuhesabu kilomita. Injini nyingi zenye mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa kupishana na pistoni, hutakiwa kubadilishiwa mkanda huo zikikaribia kilomita 100,000, nyingine zaidi kidogo. Ukiambiwa gari limetembea 60,000 unatulia, unajua bado una muda, kumbe mkanda umeshapitiliza. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, kwa injini nyingi vali zinagongana na pistoni na injini inakufa papo hapo, labda ukiwa katikati ya barabara na watoto nyuma. Aliyebadilisha namba ile amekunyima taarifa ambayo ingekulinda.

Na wala si kazi ngumu. Odometa, yaani vihesabio vya kilomita, za zamani zilikuwa za tarakimu za kuzunguka, na mara nyingi mtu akizichezea tarakimu zilikuwa hazikai tena sawa kwenye mstari. Siku hizi namba inakaa kwenye chipu, na mwenye kifaa cha kuchomeka anaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Kwa hiyo ukisikia "hii ni ya kidijitali, haichezewi", usiamini. Marekani ina sheria ya taifa inayokataza jambo hili tangu 1972, lakini mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo.

Nikikagua gari, mimi huanzia chini, miguuni. Raba ya pedeli ya breki iliyolika upande mmoja mpaka ikawa laini haikufika hapo kwa kilomita 40,000. Raba mpya kabisa kwenye gari la miaka kumi inanitia shaka zaidi, maana kuna mtu aliyeona sababu ya kuibadilisha. Kisha naangalia ubavu wa kiti cha dereva ule anaousugua kila akipanda na kushuka, halafu usukani. Usukani unaong'aa kama uliopakwa mafuta umeshikwa miaka mingi.

Tairi nazo zina tarehe. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la 2017 linalodai kilomita 25,000 huku tairi zote nne ni za 2021 lina swali la kujibu, kwa sababu tairi za kwanza kwa kawaida zingekuwa bado zinafaa.

Alama hizi huamsha shaka tu. Uthibitisho uko kwenye karatasi. Taka rekodi za sevisi na ukaguzi, kila moja ikiwa na tarehe na kilomita, uone kama namba zinapanda bila kurudi nyuma hata mara moja. Uingereza historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari, inasomwa bure mtandaoni, na Ubelgiji muuzaji hulazimika kutoa hati ya Car-Pass, inayoonyesha historia ya kilomita za gari. Pasipo na mfumo wa namna hiyo, mpigie simu fundi aliyegonga mhuri kwenye kitabu cha sevisi.

Mwisho, mlete fundi wako mwenyewe na mashine yake ya kupima. Magari mengi huhifadhi kilomita hata nje ya dashibodi, kwenye kompyuta ya injini, ya giaboksi au ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), na mdanganyifu mvivu huzisahau. Muuzaji akikataa mashine isichomekwe, mimi huchukua funguo zangu na kuondoka.