Umepigwa!

Zamani mtu akikukuta njiani na kikapu alikuuliza habari za nyumbani. Siku hizi habari za nyumbani anazisoma humo humo kikapuni. Shingo inatangulia, salamu inafuata nyuma. "Shikamoo kaka, hizo nyanya umechukua wapi?" Marahaba haijatoka mdomoni, swali la pili limeshafika: "Sado shilingi ngapi?"

Hilo la pili ndilo linaloniua mwenzenu, maana halina jibu. Nimeishi Dar es Salaam hii tangu ujana, na sijawahi kutaja bei ya kitu mbele ya watu wawili nikatoka salama. Lazima mmoja ashike kichwa, anitazame kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba, halafu aseme: "Umepigwa!"

Tena usidhani ukipewa bure utapona. Shemeji yangu wa Muheza alinitumia nusu gunia la machungwa, sikutoa hata senti ya kuyanunua. Nikajisemea leo nimewaweza. Dereva wetu wa ofisini akauliza, "Kwenye basi ulilipia mzigo kiasi gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu. Nimepigwa kwa machungwa ya bure.

Angalau kabla ya Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tulikuwa na mfuko wetu mweusi wa rambo. Najua uliziba mitaro, najua ng'ombe waliumeza, sibishani na serikali. Lakini ulikuwa na siri ule mfuko! Unapita mbele ya kibaraza chenye akina mama saba na hakuna anayejua umebeba mapaja ya kuku au mchicha. Sasa natembea na kikapu cha ukili, mdomo wazi, kila mtaa ninaopita unapitisha bajeti yangu.

Kazini ndiyo balaa. Tuko watu sita, na saa nne chai ikifika Simba na Yanga wanapewa dakika tano, vitunguu vinapewa nusu saa. Na pale hakuna anayenunua kitu. Watu wanaokota. "Jana nimeokota dagaa," anaanza mhasibu, huku anajifuta mdomo kwa madaha. "Dagaa wa Kigoma, jamani, weupe kama karatasi." Bei anayoitaja hata maji ya kuwachemshia hao dagaa hayapatikani kwa bei hiyo. Mchana akafungua bakuli, akanikaribisha. Nikatafuna: krach! Hao walikuwa wameanikwa chini, kwenye mchanga wa Ziwa Victoria. Kigoma walikuwa wanaisikia redioni tu. Nikameza, nikasema, "Kweli, wa Kigoma hawa." Ningefanya nini, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayeandaa mishahara?

Si yeye tu. Mjini hapa kila kitu kina kabila. Chungwa lisipotoka Muheza si chungwa, kitunguu kisipotoka Singida hakitoi machozi ya maana. Na mchele? Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, na nawaapia wote tunakula mchele wa Kyela. Wilaya moja, huko mpakani na Malawi! Hao wa Kyela wenyewe sijui wanakula nini. Nadhani makande.

Basi na mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka Tandale na mchele wangu. Muuzaji aliniambia ni wa Kyela, nikanusa, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua alichonusa. Kilo shilingi 3,500. Siku moja kabla nilikuwa nimeshaumbuliwa kwa sado ya nyanya. Mnaijua sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo tumeligeuza mizani. Yangu juu ilikuwa na nyanya zimepangwa kama wachezaji kwenye picha ya timu, wakubwa, wanang'aa, mikono kiunoni. Chini yake kumejaa watoto wa chekechea. Na kopo lenyewe kitako kimebonyezwa kwa ndani hadi ungedhani nalo limepigwa kama mimi. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hiyo chai ilipofika na dereva akaniuliza, "Mchele huo umechukua kwa bei gani?" sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikasema, "Elfu mbili na mia tatu."

Kimya. Jamani, kimya kile! Mhasibu aliacha chapati hewani. Sikuwahi kuheshimiwa hivyo tangu siku ya harusi yangu, na hata siku ile heshima nyingi ilimwendea mshenga. "Elfu mbili na mia tatu, Kyela?" Nikajibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa makuu, "Inategemea unamjua nani."

Raha yangu ilidumu kiasi cha nusu kikombe. Kisha pochi zikaanza kufunguka. Mhasibu kilo kumi. Dereva kilo kumi. Bosi, ambaye huwa hashuki kunywa chai na sisi, alishuka: kilo kumi na tano. Dada wa mapokezi kilo tano zake, na kumi za rafiki yake wa kikoba. Na kila mmoja akiniwekea hela mkononi ananiita "mkuu".

Ningesema nini? Ningesema nimedanganya? Watu wameshaniita mkuu! Jumamosi nikaenda Tandale kwa muuzaji yule yule, nikajaribu kumbembeleza. Nikamwita kaka, nikamwita bosi, nikamwambia nachukua kilo hamsini kwa mpigo. Akanitazama, akapuliza vumbi kwenye mizani, akasema, "3,500 mzee wangu. Ukitaka mfuko, mfuko nao una bei yake." Sasa pigeni hesabu wenyewe: kilo hamsini, kila kilo natoboka 1,200. Elfu sitini imekwenda, na hapo sijalipa bodaboda. Hela hiyo nilikuwa nimeiweka ya kununulia feni. Nikagawa mafungu, nikayafunga moja moja kwa kamba ya manila ya kijani niliyoitoa kwenye stoo yetu, Jumatatu nikafikisha. Nikashukuriwa sana. Bosi aliniambia nchi hii inahitaji watu kama mimi.

Jioni narudi nyumbani, nimechoka, mfukoni nina nauli ya kesho tu. Mke wangu yuko sebuleni, uso umechangamka ambavyo sijauona tangu mwaka jana. Mbele yake ungo, pembeni mfuko.

"Baba Jeni, njoo uone! Leo nimeokota."

Nikasogea. Mfuko umefungwa kwa kamba ya manila ya kijani.

"Kikobani kwetu kuna dada anafanya kazi ofisi fulani huko mjini," anasema, huku anapeta. "Huko kwao kuna baba mmoja anawaletea Kyela halisi, kilo elfu mbili na mia tatu. Nimempa hela aniagizie kumi. Hebu ona, hauna chenga wala jiwe! Mungu ambariki huyo baba."

Nikasema amina. Nilisema nini kingine?

Akaupika usiku ule ule. Nazi mbili, ukaungwa vizuri, harufu ikavuka ukuta mpaka kwa jirani. Watoto wakaongeza mara mbili. Mke wangu akachota punje chache kwa ncha za vidole, akazitazama kwenye mwanga wa taa, kisha akanigeukia kwa upole kabisa, kama mtu asiyetaka ugomvi.

"Huu ndio mchele sasa. Ule wako wa wiki iliyopita ulikuwa unashikana kama ugali. Hivi ulinunua shilingi ngapi vile?"

"Elfu tatu na mia tano."

Akaweka kijiko chini.