Eti muziki mzuri uliisha tukiwa darasa la nane?

Haipiti wiki kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu tuliosoma pamoja hapa Malindi bila mtu kutupia wimbo wa 2002 au 2003 na chini yake aandike kwamba huo ndo ulikuwa muziki, hawa watoto wa sai ni kelele tupu, na wenzake wote wanaitikia. Mi zile nyimbo nazipenda sana wallahi. Lakini hiyo kauli ina mambo mawili ndani yake, kuna kupenda ulichokulia nacho na kuna kuhukumu walichonacho wenzako, na naona la kwanza lina haki yote, la pili lina haki nusu, pengine hata nusu haifiki.

Tuanze na hili la umri manake watu hulichukulia juujuu. 2018 mchambuzi mmoja wa data wa Marekani, Seth Stephens-Davidowitz, aliandika kwenye New York Times baada ya kupekua takwimu za Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, akakuta nyimbo ambazo wanaume wakubwa wanazirudia zaidi ni zile zilizotoka wakiwa na miaka 13 mpaka 16, na kwa wanawake miaka 11 mpaka 14. Sasa piga hesabu mwenyewe. Aliyezaliwa 1989 anaangukia pale pale kwa wasanii wa Kenya kina E-Sir, Nameless na Nonini, na upande wa Tanzania kina Professor Jay, Juma Nature na Lady Jaydee. Aliyezaliwa 1999 anaangukia kwengine kabisa, na yeye atakuapia kuwa miaka yake ndo ilikuwa miaka. Kila mmoja anasema ukweli wake, ila ni ukweli wa maisha yake, huwezi kuutumia kupima muziki.

Na ukitaka kujua ni kiasi gani cha ule utamu tumekitia sisi wenyewe, kumbuka tulivyokuwa tunarekodi. Redio kaseti ilikuwa ya baba, saa ya taarifa ya habari haiguswi, kwa hivyo ukibahatika wimbo wako uanze wakati hayupo unakimbia ubonyeze kile kitufe chekundu pamoja na cha kupiga, vyote kwa mpigo, juu ya kanda ya watu wengine ambayo ushaiziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, na ukidhani umeupata wote mtangazaji anaingia na salamu zake juu ya mistari ya mwisho. Kuna wimbo mpaka leo nikiusikiliza kwa simu, safi, hauna mkwaruzo, ukikaribia mwisho sikio langu linamngoja yule mtangazaji. Yeye hayumo kwenye wimbo, yumo kwangu. Mtoto wa miaka 13 akisikiliza huo wimbo leo hatamsikia, na akisema ni wa kawaida tu hajakosea kitu.

Lakini pia wanaosema wakati ule kulikuwa na kitu hawajazua. E-Sir alifariki tarehe 16 Machi 2003 kwa ajali ya gari akitoka shoo Nakuru, ana miaka 21, na ameacha albamu moja tu, na bado watu wanaikariri. Kwa sisi wa Pwani kulikuwa na fahari nyingine juu yake: alikuwa kijana wa Nairobi anachana kwa Kiswahili kilichonyooka, kina vina, unasikia kila neno, wakati tulishazoea kuambiwa kuwa mambo ya kisasa ni ya Kizungu. Hiyo sio hisia ya utotoni peke yake, chukua mistari yake uisome bila biti, bado inasimama. Na biashara nayo imebadilika kweli. Spotify haihesabu wimbo kuwa umesikilizwa mpaka zifike sekunde 30, kwa hivyo mtayarishaji ana kila sababu ya kukupa kiitikio mapema kabla hujaruka, na wimbo uwe mfupi ili urudie. Ukisikia nyimbo nyingi za sai zinaanza katikati na kuisha kabla hazijaiva, ujue kuna hesabu nyuma yake. Hapo nakubaliana na wenzangu kabisa.

Ila hesabu ya zamani nayo ilikuwa chungu. Kanda nyingi tulizonunua zilikuwa za kukopi, mwenye wimbo hapati hata senti. Na kijana wa Malindi mwenye sauti alihitaji nauli ya Mombasa au Nairobi, pesa za studio, halafu abembeleze mtu wa redio. Leo kijana wa Muyeye anarekodi chumbani na usiku huo huo wimbo uko YouTube. Nyingi hazitafika mbali, ndio, lakini hata zetu nyingi hazikufika, ni vile tu tumezisahau. Nani bado anazijua zile nyimbo zingine zote zilizopigwa redioni 2003? Zilizobaki ni zile nzuri, tunazichukua hizo chache na kuzishindanisha na kila kitu kilichotoka wiki hii. Mashindano gani hayo?

Na hii ya "wanaiga tu" ndo hunikera zaidi. Tunawaambia vijana wanaiga Wanaijeria na Wasauzi, wakati wazee wetu walituambia sisi tunaiga Wamarekani, suruali zimeshuka na kofia imegeuzwa. Sasa mtazame Juma Bhalo, mzaliwa wa hapa hapa Malindi. Alichukua melodi za filamu za Kihindi akatia mashairi ya Kiswahili, mengi ya binamuye Ahmad Nassir, na leo ukimtoa Bhalo kwenye taarabu ya Pwani umeitoboa katikati. Kwa kipimo cha kuiga yeye angeanguka wa kwanza, ila uzito uko kwenye vile alivyokigeuza kile alichokichukua. Mji huu wenyewe ulitulea na nyimbo za Wataliano zikitoka mahotelini, kuna watu wa rika langu wanaziimba neno kwa neno, na hakuna aliyesema tumepoteza utamaduni kwa hilo.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi litajwe. Wengi wetu, hasa waliotoka ndani ndani huku Kilifi, nyimbo zile hawakuzisikia kwa redio kaseti, walizisikia kwenye disko matanga, zile disko za usiku za matangani. Usiku kucha spika zinalia, michango ya mazishi inatafutwa, na watoto wa miaka 12, 13 wako humo gizani hakuna mtu mzima anayewaangalia. Serikali imezipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya mimba za mapema na kila mara zinarudi. Darasani kwetu kulikuwa na wasichana ambao muhula ulipofunguliwa hawakurudi, na kila mtu alijua. Kwa hivyo ukisema ile ilikuwa miaka mitamu, sema ilikuwa mitamu kwako. Kuna mwanamke wa rika letu wimbo ule ule unampeleka mahali hataki kwenda, na sijawahi kumuona akiweka emoji ya moto kwa grupu.

Halafu hofu ya kwamba nyimbo zetu zitakufa, kwa hivyo tuzitetee kwa kuwaponda vijana, naona haina msingi. 2013 watafiti wawili, Carol Krumhansl na Justin Zupnick, walionyesha kuwa vijana wa miaka kama 20 wana mapenzi makubwa na nyimbo zilizotamba wazazi wao walipokuwa vijana, na hata za enzi ya mababu kidogo. Zinapita ndani ya nyumba. Mi Bhalo nilimpata kwa mamangu akipika, sikumchagua, na namjua kuliko nusu ya kapuka, ule muziki wa vijana wa Nairobi, niliyojirekodia mwenyewe. Watoto wetu watazishika hizi za kwetu tukizipiga nyumbani kwa raha. Tukizipiga kwa kuwasuta watatuachia wenyewe.

Kinachonisumbua mimi ni pesa. Hizi usiku za zilipendwa zinajaza watu, dijei analipwa, ukumbi unauza, na aliyeimba hayupo wala hapigiwi simu. Nyota Ndogo yupo, Nonini yupo, Jua Cali yupo, na kuna wengine hapa Pwani waliotoa wimbo mmoja mkubwa wakarudi kwenye kazi zao za kila siku. Waleteni hao waimbe wenyewe walipwe, na kabla yao wapande vijana wa Malindi robo saa robo saa, kwa maiki inayosikika na sio ile ya kuwatoa njiani. Shoo kama hiyo ikiwekwa Buntwani hapa Malindi mi tiketi nanunua, na watoto nawabeba.