Nisikieni na Mimi Kuhusu Lile la Seva

Najua wengi mmeshalipata toleo la swahiba wangu, lile la "fundi aliyesaini cheti cha kesho". Lina siku mbili tu na limeshafika hadi grupu la ukoo. Acha niseme mwenyewe kabla hajaongeza pilipili. Na si kesho, jamani. Ni saa sita tu.

Juzi asubuhi umeme ulikatika, UPS, ile betri ya akiba, ikalia kidogo, ikakata roho. Seva, kompyuta kuu ya ofisi, ilipowaka ikaamini tuko mwaka 2000, maana kibetri cha kutunzia saa kilikufa zamani, na aliyekuwa anaahidi kununua kingine ni mimi. Intaneti haina, kwa hiyo haiwezi kujirekebishia saa. Nikashika kibodi, nikapaza sauti: "Dada, saa ngapi?" Dada wa mapokezi akajibu, "Saa nne na robo." Nikaandika tarehe, nikaandika 04:15, Enta. Safi.

(Mmeshaona? Tulieni. Mwenzenu ilinichukua saa tano.)

Asubuhi hiyohiyo cheti cha kidijitali cha tawi letu moja, kile kinachothibitisha sahihi yake, kilikuwa kinaisha muda. Matawi hutuma mafaili ya mauzo yakiwa yamesainiwa kidijitali, seva inakagua sahihi ndipo inapokea. Nikatengeneza cheti kipya kwa OpenSSL, programu ya kutengeneza na kukagua vyeti, kwenye laptopu yangu, nikakisaini, nikakituma. Tawi likaleta faili. Seva ikakataa.

Nikakipima kwenye laptopu: OK. Kwenye seva: kosa namba 9, cheti hakijaanza kutumika. Nikasoma tarehe zake. Kinaanza 07:40 GMT, yaani kwetu 10:40. Ya ukutani inaelekea saa tano. Si kimeshaanza? Nikaiuliza seva saa, ikajibu 04:50. Nne na dakika hamsini. Sawasawa na ukuta! Naapa niliitikia kwa kichwa.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Nikalinganisha modulasi, ile namba ndefu ya utambulisho, ya ufunguo na ya cheti: pacha. Nikapanga upya mnyororo wa vyeti, yaani kile kinachodhaminiwa na kile kinachokidhamini. Nikadai OpenSSL ya kwenye seva ni ya kizamani, nikamkumbusha bosi Heartbleed, lile tundu la usalama la OpenSSL la 2014, ili ajue programu hii ina historia. (Heartbleed haihusiki hata chembe. Nilijua. Msiniulize.) Na kila nilipokwama nilisaini cheti kingine: saa sita, saa nane, saa tisa. Mnaojua haya mambo naona mmeshika vichwa. Kila cheti kipya kinaanza dakika niliyokisaini, kwa hiyo kila "nilipotengeneza" nilikuwa naisukuma nafuu mbele. Kile cha kwanza, ningekiacha nikaenda zangu kula, kingekubalika chenyewe saa kumi na dakika arobaini jioni.

Bosi akaita kikao. Mhasibu yupo, meneja mauzo yupo, swahiba wangu yupo bila kuitwa. Nikawasha projekta. Nikasema, kwa ile sauti ya daktari bingwa, kwamba jambo la kwanza kuhakiki ni muda. Nikaandika amri. Ukuta mzima ukajaa 09:20.

"Mnaona? Saa tisa na dakika ishirini. Muda uko sahihi. Tatizo limezama ndani kabisa, kwenye kriptografia."

Hilo neno nililitamka silabi moja moja, mkono hewani.

Dada wa mapokezi alikuwa ameingia na chupa ya chai. Akatazama ukuta. Akatazama saa ya mkononi. Akatazama ukuta tena. Akaweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Kaka, samahani. Kwani hiyo mashine inatumia saa za Kiswahili?"

Kimya. Mhasibu akavua miwani. Nami, badala ya kunyamaza, nikasema, "Hapana dada, hiyo ni saa ya se..." Silabi ya mwisho haikutoka mpaka leo. Ile sifuri mbele ya tisa ikawa inanitazama. Bosi akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili... Alipofika kumi na tano vidole vilishamwishia zamani, akaniangalia mimi. Chini ya meza nikaona mwanga wa simu. Swahiba alikuwa anaandika tayari.

Nikaweka 15:26, nikapima tena: OK. Faili likaingia, tawi likashukuru, kibetri kimenunuliwa kwa hela yangu.

Jana nikapita mapokezi kuuliza gari la ofisi linaondoka saa ngapi.

"Saa kumi jioni, kaka," akasema, halafu akainama kwenye daftari lake. "Wewe nimekuandikia 16:00."